RTX 4050, 4060 au 4070? Tathmini ya kupandisha kadi ya grafiki kwenye laptopu mpya

Ukiamua kununua laptopu yenye kadi ya NVIDIA, muuzaji atakuwekea ngazi tatu za mashine ileile: ya RTX 4050, ya 4060 na ya 4070. Kwa mashine zilizoingia sokoni kuanzia 2025, ngazi hizo ni 5050, 5060 na 5070. Bodi ni lilelile, kioo mara nyingi ni kilekile, kinachobadilika ni stika na bei. Hukumu tunaitoa mapema, ili mwenye haraka aende zake: kutoka 4050 kwenda 4060, ongeza pesa. Kutoka 4060 kwenda 4070, usiongeze, labda muuzaji awe amefunga kitu kingine kwenye kifurushi hicho na kitu hicho ndicho unachokihitaji. Kutoka 5060 kwenda 5070, hivyo hivyo. Ukitaka kupanda kweli, panda hadi 5070 Ti, au baki ulipo.

Jina moja, chipu tofauti

Watu wengi huingia mkenge hapa. RTX 4070 ya laptopu si ile 4070 ya kompyuta ya mezani. Ya mezani ina viini vya CUDA (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu) 5888 na memori yake ya GB 12. Ya laptopu ina viini 4608 na GB 8, na chipu yake ni AD106, ileile waliyoiweka kwenye 4060 Ti ya mezani. Kwa hiyo video ya YouTube inayokuonyesha 4070 ikipasua gemu kwa ubora wa 2560×1440 haikuhusu hata kidogo kama kadi iliyopimwa ilikuwa ndani ya kasha la mezani.

RTX 4060 ya laptopu, kinyume chake, ina jina la kweli: chipu ya AD107, viini 3072, GB 8, idadi ileile ya viini na memori kama ndugu yake wa mezani. 4050 nayo imetoka kwenye AD107 hiyohiyo, ila imekatwa: viini 2560, memori GB 6, na njia ya kupitishia data kutoka kwenye memori ina biti 96 badala ya 128.

Sasa tazama kilichobadilika unapopanda. Kutoka 4050 kwenda 4060 unapata viini zaidi, memori zaidi na njia pana zaidi, vyote vitatu kwa mpigo: memori inapitisha GB 256 kwa sekunde badala ya 192. Kutoka 4060 kwenda 4070 unapata viini nusu zaidi, lakini memori ni GB 8 zilezile, njia ni biti 128 zilezile, kasi ni GB 256 zilezile. Wameongeza wapishi, jiko wameliacha lilelile. Ndiyo maana ongezeko la viini la asilimia 50 huishia kuleta fremu (picha kwa sekunde) zaidi kwa asilimia 10 hadi 20 hivi kwenye gemu nyingi, na kwenye kazi zinazobanwa na memori halileti chochote.

Kizazi cha 50 kimelifanya jambo hili liwe wazi zaidi. 5050 ina viini 2560, 5060 ina 3328, 5070 ina 4608, na zote tatu zina GB 8 za GDDR7 kwenye njia ya biti 128. Ngazi tatu, memori moja. Mabadiliko yanaanza kwenye 5070 Ti, yenye viini 5888, GB 12 na njia ya biti 192. Juu yake 5080 ina GB 16 na 5090 ina GB 24, lakini huko bei zimeshahamia kwenye ulimwengu mwingine na makala hii haiwahusu wanunuzi wake.

Kwa nini tunang'ang'ania memori? Kwa sababu kadi ikiishiwa viini, kazi inakwenda polepole. Ikiishiwa memori, kazi inakwama. Data isiyotosha kwenye memori ya kadi husukumwa kwenye RAM ya kompyuta kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta. Kwenye 4060 ya laptopu njia hiyo ni PCIe 4.0 yenye mikondo minane, ambayo hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Kutoka 256 kushuka hadi 16. Gemu iliyokuwa inateleza inaanza kushtuka-shtuka, na programu ya video inakuletea ujumbe kwamba memori ya GPU (chipu ya grafiki) imejaa.

Unaweza kuona hali hiyo kwa macho bila kupakua chochote. Fungua Task Manager, nenda Performance, bofya GPU, kisha fanya kazi yako ya kawaida. Chini kuna mistari miwili: Dedicated GPU memory na Shared GPU memory. Kama wa kwanza umefika kileleni na wa pili unapanda kila unapoongeza kitu, kadi hiyo imekuwa ndogo kwa memori. Kama wa kwanza uko nusu na GPU iko asilimia 99, hapo umebanwa na viini. Kama GPU iko asilimia 40 huku prosesa ikihema, hakuna kadi yoyote itakayokusaidia. Fanya hivi kwenye mashine uliyonayo sasa, au ya rafiki, kabla hujaamua kulipia ngazi ya juu. Ni dakika kumi tu, na zinajibu swali kuliko ukurasa wowote wa vipimo.

Wati kabla ya jina

NVIDIA haiamui kadi itakula umeme kiasi gani ndani ya mashine yako. Anayeamua ni kiwanda kilichotengeneza laptopu. Kwa 4050, 4060 na 4070, NVIDIA imetoa masafa ya wati 35 hadi 115, na juu yake kuna Dynamic Boost inayoweza kuchota hadi wati 25 za ziada kutoka kwenye mgawo wa prosesa. Ndipo inapotoka ile 140 unayoiona kwenye matangazo.

Matokeo yake, kadi mbili zenye stika moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. MSI Thin 15 ilikuja na 4050 iliyofungiwa kwenye wati 45. Lenovo Legion 5i ya 2024 inaruhusu 4060 na 4070 zake kufika 140. Kadi ya 4060 iliyobanwa kwenye wati 45 ndani ya bodi jembamba inaweza kuachwa na 4050 inayopewa wati 95 kwenye bodi nene lenye feni za maana. Ukiona laptopu nyembamba yenye 4070 kwa bei ya kushangaza, swali la kwanza ni wati.

Wati nazo zina mwisho wake. Chipu ya 4060 hugonga kikomo cha volti kabla haijafikia umeme wote iliyoruhusiwa. Mara nyingi inaishia kwenye wati 100 na kitu, hata mashine ikisema 140. Ukifungua GPU-Z, programu ya kupimia kadi, wakati wa mzigo, mahali pa PerfCap Reason patakuonyesha VRel au VOp badala ya Pwr, maana yake imezuiwa na volti, si na umeme. Kwa hiyo usilipe zaidi eti kwa sababu 4060 hii ni ya 140 na ile ni ya 105. Kwa 4070 hali ni tofauti kidogo, inazitumia wati za juu vizuri zaidi, na hii ndiyo hoja moja ya haki ya kuichagua: ikiwa mashine ni nene, inaruhusu 140, na unachohitaji ni fremu, si memori.

Mahali pa kuzipata wati: Lenovo wanaziandika kwenye tovuti yao ya PSREF, modeli kwa modeli. ASUS huziweka kwenye ukurasa wa vipimo. Duka likiwa halijui, na mengi hayajui, fungua NVIDIA Control Panel kwenye mashine ya maonyesho, bofya System Information, utaona mstari wa kiwango cha juu cha umeme wa grafiki. Usikubali kujibiwa "ni full power, bosi".

Mashine mbili, majibu mawili

ASUS ROG Zephyrus G14 ya 2024 ni mfano mzuri wa kifurushi kinachochanganya akili. Marekani ilitoka kwa dola 1,599.99 ikiwa na 4060 na RAM ya GB 16, na dola 1,999.99 ikiwa na 4070 na RAM ya GB 32. Ukisoma juu juu, dola 400 ni za kadi. Lakini kwenye G14 hii kadi zote mbili zimefungiwa wati 90, Boost ikiwa imeshahesabiwa, na kioo, prosesa ya Ryzen 9 8945HS na betri ya Wh 73 ni vilevile. Tofauti ya kadi ni ndogo. Tofauti ya RAM ndiyo kubwa, kwa sababu RAM ya G14 imechomelewa kwenye ubao, hakuna nafasi ya kuongeza hata GB 1 baadaye. Mtu anayehariri video za 4K au anayefungua Lumion na Revit, programu za usanifu majengo, pamoja ana haki ya kulipa hizo 400, ila ajue analipia RAM. Anayecheza gemu na kufanya kazi za chuo achukue ya 4060 na asitazame nyuma.

Legion 5i ya 2024, ile ya inchi 16, inageuza hesabu. Ina nafasi mbili za RAM za DDR5 na nafasi mbili za SSD za M.2. Hapa kifurushi cha 4070 hakikupi kitu ambacho huwezi kujiwekea mwenyewe kwa bisibisi. Chukua ya 4060, tofauti iliyobaki weka kwenye RAM. Angalizo: bei za DDR5 zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025 viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia, hivyo ushauri wa zamani wa "nunua RAM ndogo, utaongeza kwa bei chee" umepoteza nguvu. Piga hesabu na bei ya leo. Ikiwa toleo lenye GB 32 tayari linauzwa karibu na gharama ya kununua vijiti mwenyewe, chukua lililokwisha kujazwa, hata likija na 4070.

Na hakikisha vijiti ni viwili. Maduka mengi hupenda kuuza mashine yenye kijiti kimoja cha GB 16. Prosesa inasoma memori kwa njia moja badala ya mbili, na gemu zinazoitegemea prosesa hushuka kiasi cha kumeza faida yote ya kupandisha kadi. Task Manager, sehemu ya Memory, itakuonyesha Slots used: 1 of 2 au 2 of 2.

Kazi yako ni ipi?

Kwa wapiga video, hasa wa harusi na matangazo, kadi kubwa ni jibu lisilo sahihi mara nyingi kuliko kwa kundi lingine lolote. Kwanza, kuekspoti kwa NVENC, injini ya kadi inayobana video. Kadi za 4050, 4060 na 4070 za laptopu zina injini moja tu ya NVENC, ya kizazi kilekile; ya pili inaanza kwenye 4080. Faili lako la H.265 (mfumo wa kubana video) lisilo na madoido mazito litatoka kwa muda unaokaribiana sana kwenye zote tatu.

Pili, na hili ndilo linalowatesa watu bila kujua chanzo chake: video za 4:2:2 za biti 10, yaani zinazohifadhi rangi kwa undani zaidi. Kamera kama Sony A7 IV na Canon R6 Mark II hurekodi hivyo, na wapiga picha wanaitumia kwa sababu rangi zinavumilia marekebisho. Kadi zote za RTX 40, kuanzia 4050 hadi 4090, haziwezi kufungua 4:2:2 kwa maunzi yake. Grafiki za ndani za Ryzen 9 8945HS haziwezi pia. Kwa hiyo G14 ya dola 2,000 itakwama kwenye taimlaini ya Premiere Pro wakati laptopu ya bei ya chini yenye Intel kuanzia kizazi cha 11 inateleza, kwa sababu Quick Sync, injini ya video iliyo ndani ya grafiki za Intel, inafungua H.265 ya 4:2:2. Kadi za RTX 50 ndizo za kwanza za NVIDIA kulimudu hilo, H.264 na H.265 zote. Tafsiri yake kwa mnunuzi: mpiga video anayechagua kati ya 4070 na 5050 asidanganywe na tarakimu za mwisho. 5050, au 4050 yenye Intel, inaweza kumfaa zaidi.

Kuna mtego ndani ya mtego. Wenye Intel wengi huingia kwenye mipangilio na kuwasha hali ya kutumia kadi ya NVIDIA peke yake, kwa kuwa gemu hupata fremu zaidi. Hali hiyo huzima grafiki za ndani, na Quick Sync hutoweka nazo. Ghafla video iliyokuwa inacheza vizuri jana inakatakata leo, na mtu anaanza kulaumu Premiere. Rudisha hali ya mseto, washa mashine upya, kwisha. Na ikiwa kamera yako inarekodi 4:2:2 kwa H.264, kama XAVC S ya Sony, Quick Sync haitakusaidia. Badilisha kamera itumie XAVC HS, au tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video.

DaVinci Resolve ni mlaji wa memori. Taimlaini ya 4K yenye upunguzaji wa chenga na nodi kadhaa za rangi inaweza kuimaliza GB 6 ya 4050, na ndipo ujumbe wa memori ya GPU kujaa unapotokea. Kabla ya kununua chochote, shusha ubora wa taimlaini hadi 1920×1080 wakati wa kuhariri na urudishe 4K wakati wa kuekspoti. Ikiwa hata hivyo inajaa, basi 4060 kwenda juu. 4070 haitaleta nafuu mahali ambapo 4060 imejaa. Zote zina GB 8.

Wasanifu majengo: AutoCAD na Revit zinategemea prosesa, na kasi ya kiini kimoja hasa. 4050 inazitosha na kubaki. Lumion, D5 Render na Twinmotion, zinazorenda (kutengeneza picha halisi za) majengo, ni habari nyingine. Miti, magari na watu wa mandhari wanajaza memori haraka, na mtu anayerenda miradi mikubwa kila wiki ndiye mteja halisi wa GB 12 za 5070 Ti. Blender, programu ya picha za 3D, ikirenda kupitia OptiX ya NVIDIA inapenda viini, kwa hiyo hapa 4070 inajitetea kidogo: tukio likitosha ndani ya GB 8, kila fremu inatoka mapema, na kwenye uhuishaji wa fremu mia kadhaa muda huo unaonekana.

Gemu. EA Sports FC, eFootball na GTA V zinakwenda vizuri kwenye 4050 kwa 1920×1080, na anayecheza hizo tu asilipe hata shilingi moja zaidi. Lakini gemu mpya zimeanza kuweka mlango. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zote zimeandika RTX 2060 Super yenye GB 8 kama kiwango cha chini kabisa, maana yake 4050 yenye GB 6 iko nje ya masharti siku ya kwanza. Hii ndiyo sababu yetu kubwa ya kusema 4060 inalipa. Kumbuka pia kioo: 2560×1600 ina pikseli karibu mara mbili ya 1920×1080, hivyo 4050 nyuma ya kioo cha aina hiyo ni ndoa isiyo na mahari.

Kuendesha modeli za lugha za akili bandia nyumbani: modeli ya vigezo bilioni 8 iliyobanwa hadi biti 4 inahitaji kama GB 5 pamoja na nafasi ya mazungumzo, inakaa ndani ya GB 8. Ya bilioni 14 haikai. Hapa 5060 na 5070 ni sawa kabisa kwa kinachoingia na kisichoingia.

Word, Excel, QGIS, mifumo ya uhasibu, Zoom: grafiki za ndani zinatosha. Usinunue kadi yoyote.

Umeme na joto

Kadi kubwa huja na adapta kubwa. Adapta ya wati 230 ni tofali linalokaribia kilo moja, na bila hiyo mashine si ile uliyoinunua: ukichomoa umeme, kadi hushuka sana ili betri isizidiwe. Chaja ya USB-C ya wati 100 itaijaza betri ukiandika barua, ila ukirenda, betri inapungua huku imechomekwa. Anayefanya kazi maeneo ambayo umeme unakatika mara kwa mara, au anayetegemea sola, ahesabu hilo kabla ya kufurahia 4070. UPS ndogo ya VA 650 haitoi wati 650. Nyingi hutoa chini ya 400, na betri yake ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 tu ndani. Laptopu inayovuta wati 200 pamoja na kioo cha pembeni itaimaliza ndani ya dakika kumi hivi.

Mashine zinazotoka Marekani au Dubai hazina tatizo la volti, adapta hizi hupokea 100 hadi 240. Badilisha waya wa ukutani tu. Adapta nyingi kubwa hutumia waya uleule wa kompyuta ya mezani. Za Dubai kagua kibodi, nyingi zina herufi za Kiarabu.

Joto la Mombasa au Dar es Salaam halisomeki kwenye tathmini za Ulaya zilizofanyika kwenye chumba cha nyuzi 22. Chumba kikiwa na 31, nyuzi hizo tisa zote zinaongezeka kwenye chipu. Kadi nyingi za laptopu huanza kujipunguza zinapokaribia nyuzi 87, kwa hiyo bodi jembamba lenye 4070 linaweza kutoa kazi ya 4060 kuanzia saa nane mchana. Bodi nene lenye 4060 litashikilia spidi yake. Inua nyuma ya mashine kwa sentimita mbili tatu, feni zipate hewa kutoka chini, na safisha vumbi kila baada ya miezi kadhaa.

Kuongeza kadi baadaye

Haiwezekani, ng'o. Kadi ya laptopu za kisasa imechomelewa kwenye ubao mama. Zamani kulikuwa na vipande vya MXM vilivyoweza kuchomolewa, vimeshapotea kwenye mashine za kawaida. Fundi anayekuahidi kukubadilishia 4050 iwe 4060 anazungumzia kubadilisha ubao mzima, na bei yake itakufanya ucheke. Pekee inayojulikana sokoni kwa sasa ni Framework Laptop 16, ambayo moduli yake ya grafiki inachomolewa kwa skrubu; iliuzwa na Radeon RX 7700S, na mwaka 2025 wakatoa moduli ya RTX 5070 inayoingia kwenye mashine zilizonunuliwa awali.

Kadi ya nje kupitia Thunderbolt 4 inawezekana, lakini data ya PCIe inabanwa hadi gigabiti 32 kwa sekunde (sawa na GB 4), na ukitumia kioo cha laptopu yenyewe picha inarudi kwa waya huohuo. Ongeza bei ya kasha na pawa saplai, mara nyingi inakuwa nafuu kujenga kompyuta ya mezani.

Dukani

Kuna ujanja mmoja unaojirudia: "grafiki GB 14". Hakuna kadi ya hivyo kwenye orodha hii. Ni 4050 ya GB 6 ikijumlishwa na nusu ya RAM ya GB 16, ambayo Windows huihesabu kama memori ya pamoja. Task Manager huonyesha jumla hiyo, na muuzaji huisoma kama ilivyo. Kinachohesabika ni Dedicated pekee. Vivyo hivyo, RTX 2050 bado inauzwa kama mpya. Ina GB 4, njia ya biti 64, achana nayo.

Jaribio lenyewe halihitaji intaneti. Nenda na flashi yenye Unigine Heaven, programu ya kuilemea kadi kwa majaribio. Chomeka mashine kwa adapta yake halisi, weka hali ya juu ya utendaji: kwenye Lenovo bonyeza Fn+Q mpaka taa ya kitufe cha kuwashia iwe nyekundu, kwenye ASUS Fn+F5 mpaka Turbo. Fungua Command Prompt, andika nvidia-smi -l 1, kisha washa Heaven kwa ubora wa juu kabisa na uiache dakika 15. Dirisha la nvidia-smi litakuandikia kila sekunde joto, wati zinazotumika na memori iliyojaa. Sehemu ya kikomo inaweza kusoma N/A kwenye laptopu, usijali, soma matumizi.

4060 yenye afya kwenye bodi nene itakaa kati ya wati 90 na 110 na joto chini ya 85. Wati zikianza juu kisha zikaporomoka huku joto likisimama kwenye 87, upoozaji ni dhaifu, au feni au pedi za joto zina kasoro. Wati zikikwama kwenye 35 au 50 tangu mwanzo huku joto likiwa 60, mara nyingi ni adapta isiyo yake au hali ya utulivu imebaki imewashwa. Badilisha vyote viwili, washa upya, rudia. Zikikwama tena, omba boksi jingine na uanze upya kabla hujatoa pesa.